Miezi saba na gari ya umeme ya Mchina: gari poa, yadi iliyoniuzia tuongee kidogo

Kila nikipaki pale Posta lazima aje mtu. Kijana wa paking, mlinzi wa benki, kaka mmoja kavaa suti anajifanya anapita tu halafu anarudi nyuma, na maswali ni yaleyale: dada hii inatumia umeme tupu? Ukiijaza inakufikisha wapi? Mvua ikinyesha haikupigi shoti? Nimejibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia hii asome mwenyewe. Na niseme mapema kabisa, gari naipenda, wenye kesi na mimi ni yadi walioniuzia, jina la yadi sitaji na la gari pia sitaji, sitaki kuitwa mahali.

Kabla ya hii nilikuwa na IST. Naishi Goba, kazi Posta, watoto shule ipo njiani, ukijumlisha na mizunguko ya sokoni inafika kilometa 60 kwa siku, nyingi zikiwa za kusimama, maana ile njia ya Makongo asubuhi mnaijua, mnatembea hatua mbili mnazima. IST ilikuwa inakula kama lita tano kwa siku, mafuta wakati ule yanacheza elfu mbili mia nane na kitu, piga hesabu mwenyewe, elfu kumi na nne kila siku ya kazi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitoa bei mpya naangalia simu kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Shemeji ndo alinipeleka kwenye hiyo yadi. Zimepangwa pale zinang'aa, hatchback ndogo za kichina, usukani kulia, mileji kilometa 38, na kijana wa mauzo ana maneno matamu kama halua ya Unguja. "Dada'angu hii ni mpya kabisa, ila karatasi zinasema iliyotumika, ni mambo ya ushuru tu huko kwao, usijali." Hapo ndo nilipaswa kuuliza maswali. Sikuuliza. Nikazunguka nayo mpaka Mwenge na kurudi, kimya, kiyoyozi kinapiga kama upo Lushoto, ukikanyaga inaondoka kama imetukanwa, nikaona basi, milioni hamsini na nne, na waranti ya betri miaka minane imeandikwa kwenye kikaratasi kizuri chenye rangi.

Nimefika nyumbani usiku nikaiwasha vizuri nikae nayo. Skrini ikaja na maandishi ambayo si Kiingereza, si Kichina, mume wangu akapiga picha akaweka kwenye simu itafsiri, ikasema ni Kithai. Kithai! Tumenunua gari ya Mchina iliyotengenezwa kwa ajili ya Bangkok, ipo Goba, inatuambia tufunge mikanda kwa lugha ambayo hatujui hata herufi moja. Kijana wa yadi kumpigia anasema "aah hiyo ni setingi tu dada'angu", na kweli Kiingereza kilikuwemo, ilituchukua dakika arobaini kukipata. Ila swali likabaki kichwani: nani alileta gari ya Thailand Goba, na kwa nini?

Nikaanza kusoma usiku usiku, na hapa wapenda siasa mtakaa vizuri.

Kwanza usukani. Sisi tunaendesha kushoto, usukani kulia, ila China wao usukani kushoto, kwa hiyo gari wanazouziana wenyewe kule hazitufai. Wahabeshi zinawafaa, wao wanaendesha upande uleule wa Wachina, na tangu 2024 walishapiga marufuku kuingiza gari za mafuta, ndo maana kule zimejaa zile za moja kwa moja kutoka soko la ndani la China. Sisi inabidi tupate zilizotengenezwa kwa Thailand, Australia, Uingereza, Hong Kong, nchi za usukani kulia. Kwa hiyo muuzaji wa Dar anavizia mzigo uliokuwa unaenda kwa mwingine.

Sasa kwa nini mzigo wa mwingine upatikane kirahisi hivyo? Hapa ndo ugomvi wa wakubwa unapoingia. Marekani walipandisha ushuru wa gari za umeme za China kutoka asilimia 25 hadi 100 mwezi wa tisa 2024, na watu wengi wanadhani ni Trump, hapana, alikuwa Biden. Gari ya elfu ishirini dola ushuru wake elfu ishirini nyingine, yaani mlango umefungwa na komeo. Kanada wakafuata mwezi uliofuata na asilimia 100 yao, ila Januari 2026 wamelegeza kidogo, gari 49,000 kwa mwaka kwa asilimia 6.1. Ulaya wao walikuja kiutaratibu, kila kampuni na kiwango chake kuanzia mwisho wa Oktoba 2024, BYD 17, Geely 18.8, SAIC wenye MG ndo wakapigwa 35.3, na hiyo ni juu ya asilimia 10 ya kawaida. Sababu yao ni kwamba serikali ya China inawabeba viwanda vyake kwa ruzuku. Lakini waliweka kwenye gari za umeme tupu tu, zenye injini na betri pamoja wakaziacha, basi Wachina wakaanza kupeleka hizo kwa wingi, ukiziba tundu hili panya anatokea lile.

Halafu kuna la upelelezi. Marekani Januari 2025 walitoa kanuni kabisa, programu za gari zenye asili ya China marufuku kuanzia modeli za 2027 na vifaa vyake kuanzia modeli za 2030, hofu yao ni kamera na intaneti ndani ya gari, kwamba Beijing watajua unaenda wapi. Mimi kwa kweli wakitaka kujua wajue, watakuta nimesimama Makongo saa moja na nusu asubuhi siku tano kwa wiki.

Wenye viwanda hawajakaa wakilia lakini. BYD ambao walianza 1995 Shenzhen na betri, gari wakaingia 2003, wanajenga Szeged kule Hungaria wawe ndani ya Ulaya kwenyewe, Brazil wamechukua kiwanda cha Camaçari walichoacha Ford, Thailand walifungua Rayong Julai 2024, na meli za kubebea gari wanazo za kwao, ya kwanza inabeba gari 7,000 kwa mkupuo. Mwaka 2025 waliuza gari za umeme tupu zaidi ya milioni mbili na robo, wakampita Tesla aliyeishia milioni moja na laki sita na kitu. Kila kampuni ya China inataka nafasi yake nje kwa sababu ndani wanakatana bei mpaka wanaumizana. Kwenye vurugu kama hizo gari zinamwagika pembeni, madalali wanaziokota, zinapandishwa meli, unakuja kuikuta barabarani kwetu na kijana ana maneno matamu.

Haya, turudi kwenye gari lenyewe.

Chaji ndo kitu cha kwanza, na ndo nilikaribia kuunguza nyumba. Gari ilikuja na chaja ya kubebea, ile waya yenye kiboksi katikati, plagi yake ya kule kwao, haiingii kwenye soketi zetu za pini tatu. Yadi wakaniambia nunua adapta. Nikanunua Kariakoo ya elfu tano. Usiku wa tatu saa nane nasikia harufu, ile harufu ya plastiki inayoanza kulainika, unaijua pua ikishaikamata huwezi kulala, nikashuka na tochi nikakuta adapta imegeuka kahawia upande mmoja na ukiigusa inanata kidoleni. Ampea kumi mfululizo kwa masaa kumi, adapta ya kuchajia simu itaweza wapi? Nikazima men swichi, tukalala bila feni.

Fundi umeme wetu wa mtaani alikuja asubuhi akaiangalia ile adapta akaishika kwa kitambaa kama maiti ya panya. "Madam, hii Mungu kakupenda." Akavuta waya wa milimita sita moja kwa moja kutoka kwenye bodi, akaweka breka yake peke yake, na ile soketi ya bluu ya viwandani kwenye ukuta wa gereji, plagi ya chaja akaikata akafunga inayoendana. Laki tatu na ushee vifaa na ufundi. Toka siku hiyo hakuna joto hata kidogo, naweka mkono kila siku kwa mazoea. Ukinunua gari ya umeme hiyo hela iweke kwenye bajeti kabla hujaweka ya maua ya siti. Yadi hawakusema neno moja kuhusu hili, na ndo kosa lao namba moja kwangu, la lugha nilishasamehe.

Yuniti sasa. Sisi kwa matumizi ya nyumbani ya kawaida yuniti moja inatoka kama 356 ukishaweka na kodi zake. Betri yangu ni yuniti 45 hivi, inakula kama 15 kwa kilometa 100, weka na kinachopotea njiani wakati wa kuchaji, siku yangu ya kilometa 60 ni yuniti kumi, elfu tatu na mia tano. Kutoka elfu kumi na nne mpaka elfu tatu na mia tano! Mwezi wa kwanza niliona kama nimeiba. Ila wale mnaokaa kwenye zile yuniti za bei ndogo za matumizi madogo, zile za mwisho 75 kwa mwezi, sahau, gari peke yake itakutoa huko kabla wiki mbili hazijaisha, na friji na pasi vyote vitaanza kulipa bei kubwa. Dada mmoja wa kanisani hilo lilimkuta, umeme wa nyumba nzima ukapanda akawa anamlaumu mpangaji.

Na umeme kukatika? Tangu bwawa la Nyerere lile la megawati 2,115 limekamilika si kama zamani, ila unakatika, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba gari haihitaji kujaa kila siku, nikilala na asilimia sabini sina presha hata ukikatika mpaka asubuhi. Foleni nayo ambayo kwa IST ilikuwa adhabu, kwenye hii ni kupumzika, ikisimama haili kitu zaidi ya kiyoyozi na redio, na ukiachia pedali inajirudishia chaji kidogo. Mteremko wowote naushuka kwa furaha isiyo ya kawaida kwa mtu wa umri wangu.

Matuta ndo adui. Betri ipo chini ya sakafu yote, gari imelala chini, tukiwa watu wanne na mizigo kuna matuta ya kienyeji kule kwetu ambayo nayapita mshazari huku nimebana pumzi. Nimeshakwaruza mara mbili. Fundi akaingia chini akasema ni kava tu, ila roho iliruka.

Mvua: haipigi shoti. Betri imezibwa na umeme wenyewe ukihisi hitilafu unajikata. Lakini kuzibwa siyo kuwa mtumbwi, mvua kubwa ikinyesha pale Jangwani nageuza kama kila mtu mwenye akili.

Morogoro nilienda nayo Desemba, kila mtu alinikataza, mama alisema anafunga kuniombea. Kilometa 190 na kitu. Niliondoka asilimia 100, na zile 50 za vijijini zinasaidia maana gari ya umeme mwendo mdogo ndo inapenda, Chalinze nikawa na 67, Msamvu nikaingia na 33. Karatasi ya kiwanda inasema kilometa mia nne na kitu, ukweli wa barabara yetu na kiyoyozi ni mia tatu na kidogo ukibahatika. Kazi ilikuwa gesti. Mlinzi kaona natoa waya kwenye buti akasimama mbele ya soketi kama golikipa. "Mama, hii LUKU ya bosi." Tukajadiliana mpaka nikanunua yuniti za elfu kumi na tano nikaziingiza mwenyewe kwenye mita yao, ndo akasogea, na usiku kucha alikuja kuchungulia kila nusu saa kama anachunga ng'ombe wa kisasa. Asubuhi asilimia 84, nikarudi Dar. Safari ya Dodoma bado sijathubutu, hadi niwe na mahali pa uhakika pa kuchaji haraka njiani.

Sasa yadi, maana ndo nilikuja kwa hilo.

Gari ina apu yake ya simu, unaangalia chaji, unawasha kiyoyozi kabla hujatoka, na programu za gari zinajisasisha zenyewe hewani. Yangu haifunguki. Ukiingiza namba ya chasisi inasema gari hii ni ya soko lingine, ukichagua soko lile inataka namba ya simu ya kule. Mwezi wa pili taa ya njano ya breki ikaanza kuwaka na kuzima, breki nzima zinafanya kazi, nikaandikia huduma kwa wateja ya kampuni yenyewe na kile kikaratasi cha waranti nikakiambatanisha. Jibu lilikuja la upole sana: gari haikuuzwa kupitia wakala wao wa Afrika Mashariki, waranti ni ya nchi iliyokusudiwa, nirudi kwa aliyeniuzia. Nikarudi kwa aliyeniuzia. Akaniletea soda. Akasema fundi wao wa kompyuta yupo safari. Taa ilikuja kuzimwa na kijana mmoja wa Sinza mwenye laptopu, dakika kumi na tano, ilikuwa sensa imeingia uchafu, elfu themanini.

Yaani nina gari yatima. Baba yake anajulikana, anaonekana kwenye taarifa za dunia kila wiki, ila hamtambui.

Yule fundi umeme siku anamalizia soketi nilimpa hadithi yote hii ya Marekani na ushuru wa 100, akacheka, "Kwa hiyo madam, vita vya panzi furaha ya kunguru." Nikamwambia ndio, ila mwambie kunguru apate waranti. Maana bei niliyopata isingekuwepo bila huo ugomvi wao, hilo nalijua. Na waranti isiyokuwepo nayo imetoka hukohuko.

Kwa hiyo ukienda yadi yoyote, kabla hujakaa kwenye siti ingiza namba ya chasisi kwenye apu ya kampuni uone kama inakubali ukiwa hapohapo Tanzania. Ikikataa, ujue unanunua chuma na betri tu, na bei ishuke kulingana na hilo. Mimi ningeshusha milioni kumi. Na uliza kwa maandishi nani anatengeneza taa ikiwaka, jina la fundi na gereji ipo mtaa gani, soda haitengenezi sensa.

Mpango wenyewe umebadilika pia. Kuanzia 1 Januari 2026 China wameweka leseni kwa gari za umeme za abiria zinazotoka nje, na wanaoiomba ni wenye viwanda wenyewe au waliopewa idhini nao, dalali wa pembeni hana pa kupitia kirahisi. Wanasema wanalinda jina, wamechoka na wateja kama mimi wanaoandika barua za malalamiko kutoka nchi ambayo hawakuuza gari. Kwa mnunuzi wa kesho ni habari nzuri, itakayokuja itakuwa na mwenyewe, japo kwa bei ile sidhani. Sisi wa zamani tumebaki na zetu.

Novemba bodaboda alinikwangua Mwenge, kioo cha pembeni cha kushoto kikaondoka chote na taa yake ya indiketa. Ingekuwa IST ningeenda kwenye maduka ya spea pale mtaa wa Gerezani nikachaguliwa na rangi. Hii nimezunguka Gerezani na Ilala siku mbili, wanaishika picha kwenye simu wanaitana, "oya njoo uone hii". Yadi nikawapa oda na nusu ya hela, wakasema wiki sita. Kwa sasa kuna kioo cha Noah kimekatwa kikabandikwa na selotepu ya kahawia, kinaonyesha bodaboda zikiwa mbali kuliko zilipo, na hilo ni tatizo ukiwa Mwenge.

Wiki iliyopita kijana wa yadi kanipigia mwenyewe, nikadhani kioo kimefika. "Dada'angu, hiyo gari hutaki kuiuza? Nina mteja hapa ana hela mkononi, mzigo mpya haupiti, nakurudishia bei yako na milioni mbili juu." Nikamuuliza, na kioo changu je? Akasema huyo mteja hana shida na kioo.